Miji Niliyoitoa kwa Mguso Mmoja

Nimeketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jukwaa, medali shingoni, nikisubiri kuitwa nikavishwe shada, na kope zinanilemea; nafumba macho kidogo tu, na sakafu inakuwa ile njia nyembamba ya chuma tunayochezea upanga, ila hii haina mwisho. Natembea. Mbele yangu yuko mtu wa mavazi meupe, barakoa ya waya usoni, na nyuma ya waya hamna kitu, hamna hata pua. Unanipeleka wapi? namuuliza. Kitendawili, anasema. Ala! Sina muda wa vitendawili, mimi ni Mkawasi, bingwa wa taifa, watu wananingoja. Kitendawili, anarudia, na mdomo wangu unanisaliti: tega. Kilinifika kifuani, wawili tulikijua, taa haikukiona.

Jibu nalijua, tena nalijua sana. Ni ncha ya upanga wa Nekesa, mpinzani wangu siku ya fainali, alama kumi na nne kwa kumi na nne. Ilinigusa hapa, chini ya titi, lakini waya wa upanga wake, ule unaowasha taa ya alama, ulikuwa umekatika, taa haikuwaka. Desturi yetu wachezaji, aliyeguswa huinua mkono mwenyewe. Sikuinua. Nilimrukia, taa yangu ikawaka, nikapiga kelele za ushindi. Sijui, namwambia asiye na uso. Basi nipe mji, anasema, kama watoto wanavyodai jikoni. Nampa Kisumu. Tunaupita, kuta zake zote vioo, na katika kila kioo bango langu linabanduka. Anatega tena, kile kile. Sijui! Nampa Nakuru, nampa Mombasa, na kila nikitoa mji njia inapinda na kunirudisha mwanzo, na wale waliokuwa wakiniita malkia wananipita hawanijui. Nimechoka, nina hasira, nataka kulia. Umebakiwa na Voi, ananiambia. Voi, ambako mama ameandika Mama Bingwa kwenye kibanda chake cha chapati. Wee! Voi sikupi, kwa mama sikupi! Basi jibu. Navuta barakoa yangu nimjibu, haitoki; kumbe nimeivaa tangu fainali. Mkono wangu unapanda wenyewe.

Bingwa! Amka, unaitwa. Ni msichana wa mapokezi, mwenye nguo nyeupe, taa za jukwaa ziko nyuma yake, uso siuoni. Mji gani huu? namuuliza. Anacheka. Jamani, ulilala kweli! Haya, Nekesa yuko mstari wa mbele, ameomba yeye ndiye akuvishe shada. Chini ya titi panauma upya, na sakafu ya kuelekea jukwaani ni nyembamba, ya chuma. Mbona umeinua mkono, dada, una swali? Sina swali. Kama bado naota, na iwe hivyo. Nauacha mkono juu, naingia ukumbini, watu wanapiga makofi wakidhani nawasalimu, na Nekesa peke yake anaacha kupiga makofi, anasimama.