Jiwe la Roza

Wachuka alikuwa na miaka sita na hakuwa amesema neno hata moja. Kila jioni alikaa uani, mbele ya nyumba za wafanyakazi, akapanga mawe kumi na mawili katika mstari ulionyooka. Yalikuwa mawe madogo yaliyopakwa chokaa, masalia ya bustani ya mwenye shamba. Watoto wengine walipomwita, hakugeuka. Walipovuruga mstari, alijigonga kichwa ukutani mpaka damu ikatoka. Tangu hapo walichezea nyuma ya zizi.

Baba yake, Hiram, alikuwa mkamuaji katika shamba hilo la Dundori. Yeye ndiye aliyeutambua mchezo. Jiwe la kwanza lilikuwa na pembe iliyomeguka, na ng'ombe wa kwanza kuingia kukamuliwa daima alikuwa Daisi, mwenye pembe iliyovunjika. La pili lilikuwa nene, kama Meri. Mtoto alikuwa akiwapanga ng'ombe kwa zamu yao. Aliyekosekana ni Roza, ambaye alichechemea na kufika wakati wenzake wameshaingia.

Hiram alitafuta jiwe la kumi na tatu, akalitia mfukoni, akasubiri. Mstari ulipokamilika, aliliweka katika kiganja cha mtoto. Wachuka hakumtazama. Alilinusa, akaliweka pembeni, mbali kidogo na mengine. Jioni iliyofuata aliunyosha mkono nyuma, kiganja wazi. Wangare, mama yake, aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka kutazama. Mtoto hakuwahi kumwomba mtu kitu.

Walicheza hivyo miezi minane. Usiku jiwe lilibaki katika koti la Hiram.

Huo ulikuwa mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapiganaji wa msituni na waliowasaidia. Msitu ulikuwa juu tu ya shamba, na ilisemekana kwamba watu wa msituni waliachiwa alama njiani: tawi lililovunjwa, mawe yaliyopangwa. Jumatatu moja Mathenge, nyapara, alisimama uani.

"Hiram, hayo mawe yanaonekana kutoka kule juu. Watu wanauliza."

"Ni mchezo wa mtoto."

"Mtoto gani anacheza na babake kila siku saa ile ile? Yaondoe."

Wangare aliyafukia jioni hiyo hiyo. Wachuka alijigonga kichwa hadi giza likaingia, na asubuhi jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Mama Wachuka, yarudishe," Hiram alisema.

"Watakuchukua."

"Wakija nitawaonyesha ng'ombe. Ng'ombe si siri."

Aliyafukua mwenyewe, akayaosha.

Polisi walifika Alhamisi jioni, wakati wa kukamua. Sajini Kipkemboi alimkagua Hiram na kulipata jiwe mfukoni. Aliligeuza kwenye mwanga.

"Kumi na mawili yako chini, moja liko kwa koti. Hili ni la nani, mzee?"

"La ng'ombe, afande. Mtoto anawapanga wanavyoingia kukamuliwa. Hilo ni la Roza."

Askari mmoja alicheka. "Basi leo tunashika ng'ombe!"

Sajini hakucheka. Alikwenda zizini, akahesabu kwa kidole. Alihesabu tena.

"Kumi na wawili. Roza yuko wapi?"

"Ameuzwa, afande, wiki iliyopita. Mtoto hajui kumwondoa. Mathenge ndiye aliyempeleka Nakuru kwa mchinjaji. Muulize, yuko hapa."

Wote walimgeukia Mathenge. Wiki mbili kabla, nyapara wa shamba jirani alikuwa amemtetea mpishi aliyeshukiwa, na wote wawili walipandishwa lori moja la polisi. Mathenge alitazama viatu vyake.

"Mimi sijui mambo ya mawe, afande."

"Hujaulizwa mawe! Umeulizwa ng'ombe!" Wangare alipaza sauti.

"Nyamaza, mama," sajini alisema. Alilifunga jiwe katika leso na kulitia mfukoni mwake. Hiram aliomba ruhusa ya kummalizia Meri, ambaye alikuwa amekamuliwa nusu. Hakuruhusiwa. Lori la polisi lilishuka naye kuelekea Nakuru, na Meri akaendelea kulia mpaka mtu mwingine akapatikana.

Jioni iliyofuata Wachuka alipanga mawe kumi na mawili. Sasa yalilingana kabisa na ng'ombe aliowahesabu sajini. Kisha aliunyosha mkono nyuma, kiganja wazi.

Wangare alikuwa ametafuta jiwe lenye ukubwa ule ule. Alikuwa amelipaka chokaa na kulianika. Aliketi mahali alipokuwa akiketi Hiram, akaliweka katika kiganja.

Wachuka alilinusa. Aliligeuza mara moja, akaliacha lianguke.

Mkono ulirudi nyuma, wazi, ukasubiri. Wangare aliushika. Mtoto aliuchomoa, akaunyosha tena.