Mlango wa François chini ya godoro

Katika mtaa mzima wa Kasulo, mwanamke aliyehama bila kudondosha chozi ni mimi peke yangu. Waulize. Nilikaa mbele ndani ya kamio, lori lililobeba vitu vyetu, karibu na dereva, shingo juu kama mke wa gavana, mpaka tulipofika kona. Kwenye kona ndipo nilipolia, na dereva akasimamisha kamio akidhani nimeumwa na nge. Lakini kona ile si Kasulo tena, kwa hiyo maneno yangu yanasimama.

Mimi ni Ndaya, mjane wa François. François alikuwa mtu wa reli, kazi ya usiku, na mikono yake haikujua kupumzika mchana. Alitoa mbao za mti wa mulombwa kule Mutshatsha, akazileta kwa treni yake mwenyewe, akatengeneza mlango wa nyumba yetu. Mlango mzito, mwekundu kama nyama, wenye kitasa cha shaba alichokisugua kila Jumapili kabla ya misa. Majirani walisema nyumba yetu ilikuwa mlango uliozungushiwa matofali. Walisema kwa wivu, lakini hawakukosea.

Binti yetu Chancelle anauza dawa katika famasi mjini. Ndiye aliyenihamisha, na sababu ilikuwa shimo. Mtaani kwetu watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, sebuleni, chumbani, popote. Jirani yangu Ntumba alichimba mpaka kabati lake likashuka na sahani zote, bila kumuaga mtu. Chancelle akasema hatangoja mama yake ashuke vilevile. Alikuwa amejenga nyumba upande wa pili wa mji, pole pole, tofali juu ya tofali, mpaka ujana wake ukaishia humo.

Kwetu mtu akiacha nyumba haachi mlango. Anang'oa mabati, madirisha, mlango, anaacha kuta zinamwangalia. Kwa hiyo mlango wa François ulipanda kamio pamoja nami.

Kabla hatujafungua hata mizigo, Chancelle akaleta mtu wa bima. Jina lake Polycarpe, kijana wa viatu vya kung'aa, anayekanyaga vumbi kama anakanyaga mayai. Alizunguka nyumba akiuliza maswali ya polisi. Akasema kampuni yake haichukui nyumba yenye mlango wa mbao mbele. Wezi wanaupenda sana. Kampuni inataka wa chuma. Na akasema kwa sauti ya padri kwamba haichukui kabisa nyumba yenye watu wanaochimba chini yake. Atarudi kuhakikisha, ndipo waweke sahihi.

Chancelle alitaka bima ile kama mgonjwa anavyotaka maji. Tangu kabati la Ntumba lishuke, alilala na sikio moja wazi. Aliniambia, "Mama, nyumba hii ikianguka, mi sina nguvu ya kujenga ingine."

Mlango wa chuma ukaja. Ukiugonga unalia kama kifuniko cha sufuria. Kuhusu ule wa baba yake, Chancelle alisema hauna pa kukaa, niuze au nigawe, tusigeuze nyumba mpya kuwa bohari. Nikamwambia nimempa Rachelle wa Musonoi, aufunge kwenye banda lake la kuku. Aliponiangalia kwa mashaka nikaongeza kwamba kuku wamefurahi, wanataga kuliko zamani. Uongo ukiwa na mayai unamezeka vizuri.

Kumbe mlango ulikuwa kitandani mwangu. Mbao za kitanda nilizitoa nikapikia maharagwe, na mlango nikaulaza mahali pake, godoro juu. Unanikwaruza mbavu. Hata François alikuwa ananikwaruza mbavu, kwa hiyo nililala vizuri.

Sasa sikiliza. François alikuwa akirudi kutoka kazini alfajiri, na ingawa nilikuwa nimeshafungua, alibisha. Watu wengine wanasema ko-ko-ko kwa mdomo. Yeye alitaka mbao yake isikike. Mbili za haraka, anangoja kidogo kama amesahau, halafu moja. Mimi naita, "Nani?" Yeye anajibu, "Mwizi." Nami namwambia aingie tu, hakuna kitu kilichobaki. Ndoa yetu yote, kila alfajiri, na hatukuchoka.

Katika nyumba mpya alfajiri inaingia kimya, bila kubisha. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Nikawa nikiamka naingiza mkono chini ya godoro, nagonga mbili za haraka, nangoja, nagonga moja. Halafu nangoja tena, zaidi kuliko inavyofaa kwa mwanamke wa umri wangu.

Siku moja Chancelle akaja jikoni asubuhi, uso umekauka.

"Mama, uliisikia? Kuko batu banachimba chini ya nyumba."

"Ni panya."

"Panya anapiga, anangoja, anapiga tena?"

"Panya wa huku ni wa mjini, mwanangu. Alisoma."

Hakucheka. Kwetu, mtu akisikia kugongwa chini ya sakafu hafikiri panya. Anafikiri nyundo, na wavulana wenye taa kichwani wanaokaribia miguu ya kitanda chake. Niliahidi moyoni kuacha, na kesho yake mkono ukaingia wenyewe. Chancelle akaacha kula. Nikamsihi angalau asimwambie Polycarpe, akakataa. Kudanganya hajui, kasoro hiyo aliitoa kwa baba yake. Alisema atamwambia kila kitu, na wakimnyima bima atauza nyumba kwa atakayethubutu, twende tukapange kwa watu.

Hapo nami nikashindwa na chakula. Nikisema kweli, mlango unatoka. Nikinyamaza, nyumba inatoka. Nilichagua kunyamaza mpaka kesho, na kesho akaja Polycarpe.

Chancelle akamwambia yote mlangoni, hata kabla ya kumpa kiti. Polycarpe akauliza sauti inatoka wapi zaidi. Binti yangu akaonyesha chumba changu. Nilikuwa nimeshatangulia kuketi kitandani, kikwembe nilichojifunga kimetandazwa pande zote kama kuku anayeatamia.

Polycarpe akavua koti, akatafuta pa kuliweka, akakosa, akapiga magoti na suruali yake nzuri, akaweka sikio sakafuni. Tukangoja. Akasema hasikii kitu ila moyo wake mwenyewe. Akamwomba Chancelle amuonyeshe ile sauti ilivyo, kwa sababu nyundo ya wachimbaji ina mpigo wake.

Chancelle akainua mkono kwenye kabati la nguo. Akagonga mbili za haraka. Akangoja kidogo. Akagonga moja.

"Nani?" nikasema.

Naapa sikufungua mdomo, ulifunguka. Na sauti haikuwa hii ya kikohozi niliyonayo sasa, ilikuwa ile ya zamani, ya mwanamke aliyesimama na ufunguo mkononi.

Chancelle hakugeuka. Alibaki ameangalia kabati, ngumi bado hewani.

"Mwizi," akajibu pole pole.

Chini kule Polycarpe akainua kichwa kutoka sakafuni ili aulize, na kichwa kikasimama usawa wa godoro, upande ambao kikwembe changu hakikufika.

"Mama," akasema, "kitanda yako iko na kitasa?"

"Ni mtindo mpya," nikamwambia. "Bazungu njo banalala hivi."

Chancelle akaja, akachuchumaa karibu naye. Akaweka kidole juu ya shaba, akaisugua, namna baba yake alivyoisugua Jumapili. Polycarpe akakung'uta magoti, akasema basi haiko shimo, iko mulango, na mlango wa chumbani kampuni yake haiukatazi. Hakuna aliyemsikiliza.

"Mama," akasema binti yangu, machoni amejaa maji na mdomoni kicheko kinatafuta njia, "kuku ya mama Rachelle inalala wapi?"

Nikavuta kikwembe kufunika kitasa, lakini kidole chake kilikuwa bado pale.