Macho Kwenye Taa

"Pandisha vioo, kaza mkanda, na macho yasibanduke kwenye taa," alisema mjomba, fundi wa gereji, akiinama dirishani mwa gari la mashindano. "Wa pembeni usimtazame kabisa!"

Mpwa wake, fundi cherehani, akaitikia kwa kichwa. Hajawahi kushindana kwa gari maishani mwake, na sasa alikuwa nyuma ya usukani, kwenye mstari wa kuanzia.

Mjomba alipompa kisogo tu, akatazama. Jibaba la kwenye gari jekundu la pembeni lilikuwa limeukumbatia usukani, jasho linamchuruzika, mikono inamtetemeka kuliko yake.

Mungu wangu! Huyu ndiye wa kukimbia naye ubavu kwa ubavu?

Taa ikawaka kijani. Mjomba akapiga kelele, jukwaa zima la watazamaji likapiga kelele.

Magari yote mawili yakabaki pale pale, yakinguruma.