Upepo wa Gurudumu la Mbele

Kwa miaka thelathini na minne nilisafiri kwa baiskeli bila kuiona barabara iliyo mbele yangu. Mume wangu aliendesha, mimi nilikaa nyuma kwenye keria, kiupande, miguu yote kushoto, mkono mmoja umeshika chini ya kiti chake. Tukienda niliona upande mmoja wa barabara, tukirudi niliona wa pili. Mbele kulikuwa na mgongo wake tu. Ningeweza kukueleza kila shati lake lilivyochanika begani, lakini nisingeweza kukuambia barabara inakata kona wapi.

Safari yetu ilikuwa moja kwa mwaka, tarehe ileile. Kilomita thelathini na nane mpaka makaburi ya hospitali, alikolala kifungua mimba wetu. Alikuwa na miaka mitatu. Tulimpeleka huko kwa baiskeli hiyohiyo, nimempakata, mwili wake ukichoma hata nguo zangu zikapata joto. Tulimzika hukohuko kwa sababu hatukuwa na namna ya kumrudisha nyumbani.

Kuna jambo la siku ile ambalo sikumwambia mume wangu. Mtoto hakufia hospitalini. Alifia mapajani mwangu, kwenye mteremko unaoshuka kwenye daraja dogo, zikiwa zimebaki kilomita kumi na mbili. Alivuta pumzi moja ndefu, na sikusikia nyingine. Nilikuwa nikimbembeleza, nikaacha. Nilitaka kupiga ukunga. Kisha nikautazama ule mgongo uliolowa jasho, unavyojikunja na kujikunjua, nikasema moyoni: Ee Mungu, mwache baba wa watu awe na mtoto kwa kilomita kumi na mbili zaidi. Nikanyamaza.

Tulipofika darajani akasimama.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Upepo tu," akajibu bila kugeuka.

Akachomoa pampu, akainama kwenye gurudumu la mbele, akajaza upepo kwa muda mrefu. Kisha tukaendelea. Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto, akamtazama, akatutazama sisi, akatikisa kichwa.

Tangu siku ile mume wangu alikuwa na wimbo mmoja. "Ule upepo," alikuwa akisema, hata katikati ya chakula. "Ningejaza nyumbani tusingesimama. Ule upepo ndio uliomwua mwanangu." Mimi ndiye niliyesema tusubiri kukuche, homa itashuka yenyewe. Hilo hakunikumbusha hata siku moja, hata tulipogombana mpaka majirani wakaja. Alijilaumu yeye na upepo wake. Nami niliyejua kwamba mtoto aliondoka kabla pampu haijaguswa, nilikaa kimya. Mwanzoni ilikuwa huruma. Baadaye ikawa aibu. Neno ukilichelewesha mwaka mmoja, wa pili linakuwa zito zaidi, na ukifika wa thelathini hujui hata utaanzia wapi.

Mwaka jana kiharusi kikamwangusha mzee wangu. Upande wa kulia ukafa, na maneno yote yakamtoka, likabaki moja: "Haya." Akitaka maji, haya. Akikataa uji, haya. Akikasirika, haya yenye mate. Kila juma alipungua kidogo, kama sabuni kwenye kisahani. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda chake nikamwahidi Mungu mambo mawili. La kwanza, nitamwambia ukweli kabla hajaondoka, asiende na mzigo usio wake. La pili, kabla ya kumwambia, nitafika kwanza pale kwenye mteremko, tarehe ileile, nimwombe mtoto msamaha. Maana mwanangu alikufa bila mama yake kudondosha chozi kwa kilomita kumi na mbili.

"Mama, si upande gari?" binti yangu aliniuliza. "Magari yamejaa tele."

"Magari yanapita barabara mpya. Mimi nataka ya zamani."

"Ya zamani ina nini?"

Nikaendelea kukunja shuka za mzee.

"Kwanza ulijiandikisha darasa la jioni ujue kusoma, tukanyamaza. Sasa una miaka sitini na mitatu, unataka baiskeli. Mwakani si utataka kuwa rubani?"

"Haya," mzee akasema kutoka kitandani.

"Umemsikia baba yako? Ameruhusu."

"Baba anasema haya hata kwa dawa chungu!" Lakini alikuwa anacheka, na nilijua nimeshinda.

Mwalimu wangu alikuwa shemeji, mdogo wake mume wangu, fundi wa baiskeli tangu ujana wake. Kila siku, saa moja kabla ya darasa, tulikutana kwenye uwanja wa shule. Alishusha kiti cha baiskeli ya kaka yake mpaka miguu yangu ikagusa chini, akafungua pedali zote mbili akazitia mfukoni.

"Sasa nitaendeshaje bila pedali?"

"Huendeshi. Unasukuma kwa miguu kama bata. Ukijua kusimama bila kuanguka, nitakurudishia. Na ukivunjika kiuno, shemeji, usimwambie kaka kwamba ni mimi. Ingawa atasema haya tu."

"Nikivunjika kiuno wewe ndiye utakayenibeba mgongoni."

"Wewe? Nikubebe? Bora nimbebe kaka na kitanda chake."

Siku kumi nilisukuma kama bata. Siku ya kumi na moja alinirudishia pedali, nikaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya goli. Nilianguka mara nyingi. Wanafunzi wenzangu wa jioni walikuwa wakifika mapema makusudi, waone. Nilisali kila nilipopanda na kila nilipookotwa. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nazunguka uwanja mzima, na upepo unanipiga usoni. Nilishtuka nilipoutambua. Nyuma kule, upepo ulinifikia ukiwa umeshapita kwa mume wangu.

Siku ya mwisho shemeji alinifungia dumu la maji kwenye keria kwa mpira. Nilitaka maji ya kuoshea jiwe la kaburi. Alinikataza kulijaza, akatia nusu.

"Mzigo ni somo lingine," alisema. "Mwendeshaji hana macho ya nyuma, lakini mzigo unaongea naye. Abiria akijikuna, usukani unajua. Kaka alikuwa akiniambia, wewe ukisinzia huko nyuma yeye anajua kabla hujaanza kukoroma."

"Mimi sikoromi."

"Haya," akasema, kwa sauti ya kaka yake kabisa, akainama kukaza mpira wa dumu.

Niliondoka kumepambazuka. Nilimbusu mzee kwenye paji la uso. Aliutazama mkoba wangu, akaitazama pampu mkononi mwangu, akasema haya. Binti alibaki naye. Shemeji alinisindikiza mpaka mwisho wa lami, akanigusa bega, akarudi.

Kwa saa mbili za kwanza nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia, na niliionea haya. Barabara ilinijia usoni, yote. Dumu lilicheza nyuma yangu, chubwi, chubwi, na kila lilipocheza usukani ulitikisika kidogo mikononi mwangu. Nilipokuwa nasukuma baiskeli kwa miguu kwenye mlima, wanaume waliokuwa wanachimba mtaro waliniona.

"Bibi, ongeza gia!"

"Gia ziko magotini, na zimeisha!"

"Tukutafutie mchumba akusukume?"

"Nina wangu nyumbani. Mtafutieni mama yenu!"

Walicheka wakaegemea majembe yao, na mmoja akanipungia kofia mpaka nikapotea kilimani.

Kisha nikafika njia panda, nami sikujua kwamba kuna njia panda. Safari zote zile, na sikuwahi kuiona. Njia zote mbili zilikuwa na vumbi lilelile na hapakuwa na kibao. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Nikasali, na nilipomaliza kusali nikapata wazo ambalo ungecheka kama ungeniona. Nilisimamisha baiskeli kwa stendi yake, nikakaa kwenye keria pembeni ya dumu, kiupande, miguu kushoto, mkono chini ya kiti. Nikatazama. Kwenye njia ya kwanza sikuona kitu ninachokijua. Nikashuka, nikaigeuza baiskeli kwenye njia ya pili, nikakaa tena. Mbele ya macho yangu kulikuwa na nyumba ya matofali isiyo na paa, na ukutani dirisha moja kubwa na moja dogo, kama uso wa mtu anayekonyeza. Miaka yote ile nyumba hiyo ilinikonyeza nikipita. Nikajua njia ni hiyo.

Baada ya saa nyingine nilifika juu ya mteremko. Chini niliona daraja dogo. Niliachia breki taratibu, nikaanza kushuka. Nilitaka kuifikia ile sehemu nikiwa kwenye mwendo, kama siku ile.

Katikati ya mteremko usukani ulitulia.

Sikugeuka. Sikusikia kishindo chochote. Mikono yangu tu ilijua kwamba nyuma yangu kitu kilichokuwa kinacheza hakichezi tena. Baiskeli ilikuwa imenyamaza. Nilishuka hivyo mpaka darajani, nikasimama, ndipo nikatazama nyuma. Dumu lilikuwa tupu. Lilikuwa limepasuka upande wa chini, na maji yameacha mstari mwembamba vumbini kutoka juu ya kilima.

Nilijua kabla ya kugeuka.

Ndipo maneno ya shemeji yakanirudia. Nilikuwa nambembeleza mtoto siku ile, nikimyumbisha huku na huku tangu tulipotoka nyumbani, na keria yote ikiyumba nasi. Kisha niliacha. Nilikaa kama jiwe. Mtu ambaye angejua nasinzia kabla sijakoroma, angekosaje kujua hilo?

Niliketi ukingoni mwa daraja, nikayapitia tena yote. Upepo tu, alisema, bila kugeuka. Aliinama kwenye gurudumu la mbele. Mimi nilikuwa nyuma na mtoto mapajani. Gurudumu la mbele sikuliona. Sikuwahi kuliona likiwa limepungua. Niliona mgongo wake tu, ukipanda na kushuka pamoja na pampu, ukitikisika, na niliyaona matone yakidondoka vumbini kutoka usoni pake, nikafikiri: jasho.

Hapakuwa na upepo uliopungua. Mume wangu alisimama kumlilia mwanawe, akatafuta kazi ya mikono ili nisijue. Kisha akapanda, akakanyaga kilomita kumi na mbili akimkimbiza hospitalini mtoto aliyekwisha kufa, ili mama wa watu awe na mtoto kwa kilomita kumi na mbili zaidi. Na miaka yote iliyofuata akaupa lawama upepo ambao haukuwepo, kwa sauti kubwa, mezani, mbele za watu, ili mtu yeyote asikumbuke ni nani aliyesema tusubiri kukuche.

Nililia pale. Nililia kwa sauti, kama nilivyopaswa kulia siku ile, na nikamwomba mtoto msamaha, na nikamwomba Mungu kitu kimoja tu: nimkute hai.

Makaburini sikuwa na maji. Nilifuta jiwe kwa mtandio wangu na mate. Usiku ule nililala kwa mke wa mlinzi wa makaburi, ambaye aliniona kila mwaka lakini hakuwahi kuniona peke yangu. Aliniuliza mzee yuko wapi. Nikamwambia ananisubiri.

Kesho yake nilirudi. Sikumbuki njia. Nakumbuka magoti yangu tu, na kila nilipokanyaga pedali nilisema: nimkute, nimkute.

Alikuwa hai. Binti alikuwa amempa uji na shavu lake lilikuwa na tone. Nilimwomba binti atuache, nikakaa kitandani upande wa mkono wake mzima, wa kushoto.

"Nimetoka darajani," nikamwambia. "Mtoto alikufa pale kwenye mteremko. Nilijua, sikukuambia. Nisamehe."

Alinitazama.

"Na wewe ulijua. Gurudumu lilikuwa na upepo."

Hakusema haya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumzungumzisha asiseme haya. Alitazama ukuta kwa muda mrefu sana, nikaogopa kwamba nimemwumiza, au kwamba hasikii tena. Kisha mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya shuka. Ukafumba ngumi juu ya blanketi. Ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka, polepole, kama mtu anayejaza upepo. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja tu, lile lililokuwa bado lake.

Niliweka mkono wangu juu ya ngumi yake, tukajaza pamoja.

Siku kumi na mbili baadaye alifariki, alfajiri, mimi nikiwa nimemshika.

Baiskeli ninayo mimi. Mwaka huu nilikwenda tena, na Mungu akinipa pumzi nitakwenda mwakani. Kwenye keria sifungi kitu. Nikifika darajani nasimama, nachomoa pampu, nainama kwenye gurudumu la mbele lenye upepo wa kutosha. Mwaka huu mpita njia mmoja alisimama. Alikuwa mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni.

"Bibi, kuna nini? Pancha?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia bila kugeuka. "Upepo tu."