Mgeni Ana Kwao

Fundi cherehani alikuwa na adabu kupita kiasi, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Hakimu alipomuuliza mtoto alifikaje kwake, hakuweza kujisifu mbele ya watu kwamba amelea, ameuguza, amekesha. Alijibu kama alivyofunzwa na mama yake: "Mdogo wangu alipofariki, mheshimiwa, nilimkaribisha mwanawe kwangu."

Wakili wa shemeji yake, baba wa mtoto, akaandika kitu, akatabasamu.

Mtoto huyo waliishia kumwita Kifungo, kwa kuwa alipoanza kutambaa tu alimeza kifungo cha shati la mteja. Karani alipolisoma jina hilo kwa sauti, askari wa mlangoni aligeuka akidhani kuna mtu amehukumiwa. Sasa Kifungo yuko darasa la pili, anamwita fundi "mama" bila kuongeza "mkubwa". Baba yake alitokomea tangu msiba, kisha mwaka huu akaibuka na mke mpya, akaenda mahakamani kumdai.

Siku ya hukumu hakimu hakuanza na Kifungo. Alianza na mlinzi. Zamani mlinzi mmoja alikaa kwenye kibanda cha tajiri wake mpaka akazeekea humo. Tajiri alipokufa, watoto wakamfukuza, naye akadai kibanda ni chake. Mahakama ya juu ikasema aliyekaribishwa ni mgeni, na mgeni ana kwao, hata akikaa sana. Maneno hayo yakaota miguu. Yalitoka kibandani yakaingia mashambani, kutoka mashambani yakaingia kwenye mirathi yakamtoa mjane mmoja nyumbani kwake, na leo yamefika kwa watoto.

Fundi alimvuta wakili wake mkono wa koti. "Mwanangu, huyo mlinzi ni nani? Mimi simjui."

"Hata mimi simjui, mama. Ila mahakama ya juu ikishasema, huyu wa chini hana ujanja."

"Lakini Kifungo si kibanda."

"Nilimwambia. Anasema neno ni lilelile: ulimkaribisha."

"Si heshima tu ile? Ulitaka niseme nilimnyakua?"

"Ungesema ulimchukua awe wako."

"Mtoto ana baba hai, niseme ni wangu? Watu wangenionaje?"

Wakili alikuna kidevu. Fundi akauliza habari ya rufaa, akaambiwa rufaa inakwenda kwa walewale waliosema habari za mlinzi.

Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hawakuambii kwamba msumeno ukishanolewa kwa mti wa jirani, hauulizi wako ni mti gani. Fundi aliamriwa kumkabidhi mtoto kabla shule hazijafunguliwa. Nyumbani sare mpya ilikuwa mezani, imebaki pindo tu. Hakujua aimalize au aiache, maana shule ya huko aendako mtoto, hakujua wanavaa rangi gani. Hilo ndilo lililomliza, pale pale mahakamani, mbele ya shemeji yake.

Alipotoka alimkuta wakili wa shemeji akipongezwa kwenye korido. Mwenzake mmoja alimshika bega, akamwomba nakala ya hukumu. "Nina kesi kama hiyo mchana huu," alisema. "Bibi kamng'ang'ania mjukuu. Hii itanimalizia kazi."

Fundi aliangaza macho. Kwenye benchi la mwisho aliketi bibi mmoja, mtoto amemlalia mapajani. Alimwendea, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wakikuuliza huyu mjukuu alifikaje kwako, tafadhali, usiseme ulimkaribisha."

Bibi alimtazama kwa mshangao, huku akimfuta mtoto jasho shingoni. "Nilishasema, tangu juzi. Kwani ningesemaje?"

Fundi alitafuta neno jingine la kumpa, akalikosa. Akaketi kando yake, wakasubiri kuitwa.