Maji ya Ngama

Nyumba yangu haina msingi, na uchafu wake huenda kwa jirani. Ni nini hiyo? Kunipa mji si lazima, nakufungulia mwenyewe: ni boti ya starehe.

Ilikuwako moja, nyeupe kama jino la mtoto, zama zile askari wa kukodiwa walipotamba visiwani kwetu. Mwenye boti alikuwa Mzungu mmoja wao, akikaa Moroni. Mtunzaji wake alikuwa Zaïdou wa Mirontsy, ambaye hakuwa na kazi nyingine wala shamba. Injini ilivuja oili, na oili ikachanganyika na maji yanayojikusanya chini kabisa ya boti, ngamani. Moroni bwana alikataza yasitolewe, maana wakubwa wenzake huogelea pale. Amri ilikuwa yakamwagwe Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili, karibu na kwao Zaïdou, kabla wageni wake wa matembezi hawajapanda.

Zaïdou alitii, na moyo haukumsuta. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alifundishwa kuwa maji mengi hayanajisiki, na maji gani mengi kuliko bahari? Akishazima pampu, alichota maji ubavuni mwa boti ileile, akatawadha, akaswali.

Mpaka siku wanawake wa Mirontsy walipotoka kuvua dagaa kwa shiromani zao za kujifunika, wawili wawili, nguo wameitanda majini kama wavu. Assia, mke wa Zaïdou, alikuwa miongoni mwao. Walirudi na nguo zenye madoa meusi, na samaki ambao hata paka aliwapa mgongo. Njia nzima wenzake walimtania kwamba wamshukuru mumewe, leo dagaa wamekuja na mafuta yao ya kukaangia.

Jioni Assia akaitandika shiromani yake juu ya mkeka wa kuswalia wa mumewe. Zaïdou akajitetea kwa somo lake la chuoni. Mkewe akamsikiliza, kisha akamwambia amalize.

"Nimalize nini, Mama Nafissa?"

"Hilo somo. Mwalimu hakuishia hapo."

Zaïdou akatazama chini. "Ila yakibadilika rangi, au ladha, au harufu."

"Basi nusa, Baba Nafissa."

Akanusa. Assia akamkumbusha, bila ukali, kwamba nyumba ni ya mwanamke, kama zote kisiwani, na oili ile haitavuka tena kizingiti chake, iwe kwa nguo au kwa miguu ya mtu.

Safari iliyofuata Zaïdou aliyavuta maji ya ngama kwa pampu hadi ndani ya madumu, akayapanga kwenye sitaha. Bwana akaja kutoka uwanja wa ndege wa Ouani na wageni waliovaa meupe, akayakuta. Zaïdou akaomba yarudishwe Moroni, kuna fundi anayepokea oili chafu. Bwana akacheka, akawatafsiria wageni, nao wakacheka. Kisha akaacha kucheka, akaamuru yamwagwe.

Zaïdou akasema kwa Kifaransa chake kidogo, "Nitayabeba. Sitayamwaga."

Bwana akamwonyesha pwani kwa kidole. Zaïdou akaomba ruhusa ya kushusha madumu tu, naye akaipata, kwa kuwa wageni walikuwa wameanza kuziba pua.

Akapiga kasia hadi Mirontsy, ngalawa yake imezama kwa uzito wa madumu hadi ukingoni. Assia akamwona, akakunja nguo, akaingia majini, akaishika.

"Na kazi?"

"Imekwisha."

Assia akalitazama dumu la mbele, ambalo kifuniko chake kilikuwa kimelegea.

"Shika huku," akasema, "lisimwagike."