Mama Mkwe Nyuma ya Mashua

Nilikubali kwenda safari ile kwa sababu sikujua kwamba mashua inaweza kuwa na kitanda. Mashua nilizokulia mimi huko Nyakach zilikuwa na mbao za kukalia na maji ya kumwaga, basi. Kwa hiyo mkwe wangu Ndung'u alipomtuma binti yangu Lornah aniambie kwamba wananikaribisha kuzunguka visiwa siku tano, pamoja na mashua nyingine tatu za marafiki, nilisema sawa. Nikafunga blanketi, mwavuli na Biblia.

Kumbe mashua ya Ndung'u ilikuwa na chumba. Chumba kilikuwa na mlango, dirisha la pazia, jiko la gesi na vitanda viwili vinavyotazamana. Nilisimama pale gatini Kisumu nikaangalia ndani, nikamwuliza Lornah mimi nitalala wapi. Akaonyesha kitanda cha kushoto. Nikamwuliza mume wake atalala wapi. Akaonyesha cha kulia. Halafu akaangalia chini, maana nilimlea mwenyewe na anajua.

Kwetu Wajaluo, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na zaidi ya yote mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe. Si ugomvi. Ni heshima, na heshima inataka nafasi. Nafasi ndiyo kitu ambacho ile mashua haikuwa nacho.

Ndung'u hakuyajua hayo. Yeye si Mjaluo, ni mtu wa Murang'a, anauza misumari na mabati mjini Kisumu mwaka wa ishirini na mbili sasa. Miaka yote nikiwatembelea kwao Migosi nilikuwa nalala kwa jirani, na Lornah alimwambia mumewe kwamba mama anapenda sana kuongea na yule jirani. Akaamini. Yule jirani hatuongei sana.

Sasa niseme Ndung'u alikuwa anatafuta nini, kwa sababu ndicho kilichonifanya nisirudi nyumbani. Wale wenye mashua wana chama chao, na yeye alikuwa anaomba kuingia. Safari ile ilikuwa mtihani wake. Ni mtu mkimya, hakusema kwamba anataka sana, lakini Lornah aliniambia ameshanunua kofia ya chama na ameificha kabatini. Miaka ishirini na mbili Kisumu, watoto wake wanaongea Dholuo kuliko mimi, na bado watu wanamwuliza atarudi kwao lini. Kila uchaguzi anafunga duka wiki mbili, anasema anaenda kumwona shangazi yake mgonjwa. Huyo shangazi huugua kila baada ya miaka mitano. Kwa hiyo kofia haikuwa kofia tu.

Na masharti ya chama yalikuwa machache. Kubwa lilikuwa hili: mwenye mashua atalala ndani ya mashua yake kila usiku wa safari. Mwenyekiti wao, Mwalimu Gordon, hedimasta mstaafu, ndiye aliyeliandika. Zamani wenye mashua walikuwa wanakwenda kulala hotelini nchi kavu, na mashua moja ikaondoka peke yake. Ilipatikana upande wa Homa Bay, imekaa juu ya magugu maji, haina habari. Anayelala nje hata usiku mmoja, jina lake linafutwa na haombi tena mpaka miaka mitatu ipite.

Basi Ndung'u hawezi kutoka. Mimi siwezi kuingia. Kuomba nafasi kwenye mashua ya wengine nilikataa, kwa sababu watu wangesema Lornah amemfukuza mama yake. Lakini nyuma ya mashua kulikuwa na kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mtumbwi mdogo wa kushukia ufukweni. Hauna paa wala mlango. Mchana nilikaa nao kwenye mashua bila shida. Mashua ina mbele na nyuma, Ndung'u akishika usukani anatazama mbele, mimi ninakula nikitazama nyuma. Jioni tulipotia nanga karibu na kisiwa cha Ndere nilishusha godoro kwenye mtumbwi, nikafungua mwavuli, nikasali, nikalala.

Asubuhi redio ya mashua ikaita. Alikuwa Opondo, mwenye mashua nyekundu, ambaye hajawahi kumwita Ndung'u kwa jina lake, humwita kwa duka lake la hadiwea.

"Bwana Hadiwea," akasema, na mashua zote zinasikia, "nakuona umelala salama. Lakini mama mkwe umemwacha nje kama nanga ya akiba."

Ndung'u akazima redio. Alimwuliza Lornah kama godoro lilikuwa baya. Lornah akasema mama anapenda hewa. Siku ile tulipofika Luanda Kotieno, pale feri ya kwenda Mbita inapopakia, Ndung'u akashuka na akarudi amebeba godoro jipya, nene, lenye maua. Nilishukuru. Usiku ule nikalalia godoro lenye maua, mtumbwini. Aliniangalia kupitia dirishani kama mtu aliyeuza mabati mazuri na mteja akayatumia kuanikia dagaa wa omena.

Ni Mwalimu Gordon aliyemwambia, kesho yake wakati wa chai. Alimweleza taratibu, kama anavyofundisha darasa la nne. Ndung'u alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hiyo ndiyo sababu ya yule jirani wa Migosi. Mwalimu akasema hamjui jirani, lakini bila shaka. Ndung'u akaja nyuma ya mashua, akasimama amenipa mgongo, akaongea akitazama ziwa.

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa hujauliza, Baba Byron." Byron ni mtoto wao wa kwanza.

"Hata kwetu mama mkwe anaheshimiwa. Lakini hatumfungi kamba."

Nikamwambia kamba ni nzuri, nimeikagua mwenyewe.

Siku ile yote wenye mashua waliongea habari yetu redioni. Opondo alisema mashua si nyumba, kwa sababu nyumba haina injini, kwa hiyo mama aingie alale. Mwingine akasema kama mtu anapika ndani, analala ndani na anagombana na mke wake ndani, hiyo ni nyumba hata ikiwa inaelea. Mwalimu Gordon alisema aulizwe mama. Nikasema nimeona mlango. Hoja ya injini ikaishia hapo, maana mlango ulikuwepo.

Usiku wa tatu tulitia nanga penye kisiwa cha mawe, hakina watu, wenyeji wake ni ndege weusi tu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, jua bado halijazama, upepo ukaja kutoka upande wa Uganda. Kwanza uliuchukua mwavuli wangu. Halafu mvua. Mawimbi yakaanza kuingia mtumbwini, nikawa ninayarudisha ziwani kwa sufuria, lakini yalikuwa mengi na sufuria ilikuwa moja. Kwenda kisiwani haikuwezekana, mawe yale yangetuvunja, wala mashua nyingine hazingeweza kutukaribia.

Lornah alikuwa analia mlangoni, ananiita niingie. Nikamwambia niko sawa. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu.

"Mama," Ndung'u akasema, na mara hii hakunipa mgongo, "mimi natoka, wewe ingia."

"Ukitoka bado ni nyumba ya mkwe wangu," nikamjibu. "Na ukitoka, Mwalimu atakufuta."

Alisimama pale mvua inampiga. Nilimwona anafikiri. Yeye hufikiri taratibu, kama anapima bati. Halafu akaingia ndani akachukua redio, akaongea kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia juu ya upepo.

"Hapa ni Ndung'u. Nataka wote msikie. Kuanzia saa hii mashua hii ni ya Mama Achola, mama yake Lornah. Nimempa. Vyombo, injini, kila kitu. Si yangu tena."

Akatoka, amevaa jaketi la kuelea, akaniambia, "Mama, ingia kwako."

Sasa pale palikuwa na kazi, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, na mtumbwi ulikuwa unaruka. Lornah akavuta kamba mpaka mtumbwi ukagusa mashua. Mimi nilipanda kwa kushoto nikimshika Lornah. Ndung'u alishuka kwa kulia hajashika mtu. Hajui kuogelea. Alikaa katikati ya mtumbwi, juu ya godoro lenye maua lililolowa, akachukua sufuria, akaanza pale nilipoachia. Hangeweza kubaki ndani na mimi, maana mkwe naye halali kwa mama mkwe wake. Hakuna aliyemwambia hilo. Alilitambua mwenyewe.

Nilibadilisha nguo, nikalala kitanda cha kushoto. Kilikuwa kizuri.

Asubuhi upepo ulikuwa umekwisha. Tukasogea mpaka kisiwa cha Mfangano, mashua zote nne zikafungwa pamoja, na kikao kikakaa. Ndung'u alikuwa amejifunika taulo, anakunywa chai, meno yanagonga kikombe. Opondo alianza. Akasema yeye hana ubaya na mtu, lakini sharti ni sharti, na Hadiwea amelala nje ya mashua yake, wote wameona.

Ndung'u hakujitetea. Akasema ni kweli, amelala nje, jina lifutwe.

Mwalimu Gordon akafungua daftari lake, akasoma sharti mara mbili, mara ya pili kimoyomoyo. Halafu akavua miwani.

"Linasema mwenye mashua," akasema. "Mwenye mashua jana usiku alikuwa nani?"

Wote walikuwa wamesikia redio.

Akanigeukia. "Mama, ulipewa mashua. Uliipokea?"

Nikisema sikuipokea, basi nililala nyumbani kwa mkwe wangu, na mkwe wangu amelala nje ya mashua yake, tumeharibu yote mawili kwa usiku mmoja. Nikisema niliipokea, nimechukua mali ya mtu aliyeifanyia kazi miaka mingi. Nilimwangalia Lornah. Lornah alimwangalia mumewe. Ndung'u aliitikia kwa kichwa, kidogo sana, bado anatetemeka.

"Niliipokea," nikasema.

"Basi mwenye mashua alilala ndani," Mwalimu akasema, akaandika. Akaniuliza jina langu lote, nikampa. Ndivyo nilivyoanza kuwa mwanachama. Mtihani wote ukahamia kwangu, pamoja na usiku mmoja uliokuwa umebaki.

Opondo akauliza, sasa huyu mwingine ni nani? Maana hana mashua. Mwalimu akafunua kurasa, akakuta kwamba kila mashua lazima iwe na nahodha, na nahodha naye anaandikwa kwenye chama, na nahodha anachaguliwa na mwenye mashua. Wakaniangalia tena. Nikawaambia mimi sijui kuendesha, na kati ya watu wote pale ninamjua mmoja tu aliyemwaga maji usiku kucha bila kuuliza yataisha saa ngapi. Nikamtaja kwa jina lake: Ndung'u wa Murang'a.

Opondo alikaa, akakuna kidevu. Halafu akachukua chupa yake ya chai ya moto, akaruka mashua mbili, akamjazia Ndung'u kikombe.

"Kunywa, Orwa," akamwambia. Yaani mkwe wetu. Ndung'u akanywa. Nadhani alilia kidogo, lakini alikuwa na mafua, siwezi kuapa.

Usiku wa nne nahodha wangu alilala mtumbwini, ziwa limetulia. Tulipofika Kisumu, Mwalimu Gordon alinipigia saluti, nami nikamwambia Mungu ambariki.

Zawadi ya namna ile kwetu hairudishwi, na mimi sijaombwa kuirudisha. Ndung'u anaitumia kila Jumamosi, anaenda na kina Opondo, na kabla ya kutoka Lornah hunipigia simu kuniomba ruhusa. Juzi aliniuliza kama nahodha anaweza kuipaka rangi ya kijani. Nimemwambia ninafikiria.

Bado ninafikiria.